CHUMVI YA FERI INAVYOKULA GARI YAKO KIMYA KIMYA: IKAGUE KABLA BREKI HAZIJAKUKATAA

Leo naomba tuachane kidogo na siasa, tuongee kitu kinachomgusa kila mtu mwenye gari, bajaji, pikipiki au hata geti la chuma huku kwetu Pwani. Kitu chenyewe ni KUTU. Najua kuna mtu ameshaguna, "aah, kutu nayo nani asiyeijua?" Ngoja kwanza nikupe mkasa, halafu utaniambia mwenyewe kama kweli unaijua.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa karibu mwaka mzima nikiwa utingo kwenye kirikuu ya mjomba wangu. Kazi yetu ilikuwa moja: alfajiri tuko Feri soko la samaki, tunapakia matenga, tunapeleka Buguruni, Tandika, na siku nyingine tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Waliowahi kubeba samaki wanajua, barafu ikianza kuyeyuka yale matenga yanachuruzika njia nzima. Mjomba alikuwa mtu wa usafi sana. Kila jioni gari inaoshwa, inafutwa, inang'aa. Lakini tulikuwa tunaosha kile kinachoonekana tu. Chini hakuna aliyechungulia.

Siku moja tukaona sakafu ya nyuma imetoboka, unaona lami ya barabara kabisa. Tukaenda gereji moja hivi mjini. Fundi akachomelea kipande cha bati, akapaka dude jeusi kama lami chini kote, akatuambia, "Mzee hii sasa miaka kumi hugusi." Mjomba akalipa, tukaondoka tumefurahi.

Haikufika miezi mitatu. Tulikuwa upande wa Kigamboni, tunashuka ule mteremko wa kuingia pantoni. Mbele yetu kuna mkokoteni, kuna kinamama na ndoo zao, kuna wanafunzi. Si unajua pale watu na magari wanaingia pamoja. Mjomba akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini kama amekanyaga sponji. Nashukuru Mungu mjomba ni dereva wa siku nyingi. Akapampu pedeli haraka haraka, akarudisha gia namba moja, akavuta handibreki, akaiegemeza gari ubavu kwenye ukingo. Ikasimama. Kilichomwagika ni ndoo ya dagaa ya mama mmoja, tukamlipa na kumwomba radhi. Hakuna aliyeumia. Ila mimi miguu ilinitetemeka mpaka tunafika ng'ambo.

Fundi wa pili alipoingia chini akakwangua lile dude jeusi kwa bisibisi. Paipu ya breki inayokwenda nyuma ilikuwa imeliwa ndani kwa ndani. Akaibana kwa vidole viwili, IKAMEGUKA. Kumbe yule wa kwanza alipaka juu ya kutu bila kukwangua wala kukausha, na unyevu wenye chumvi ukabaki umefunikwa mle ndani unaendelea na kazi yake. Sisi tunaona kweusi kumependeza, tunajua tumepona.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza uliza mafundi na kusoma. Hiki ndo nilichokipata.

KUTU INATOKEA VIPI?

Chuma ili kioze kinahitaji vitu viwili tu: maji na hewa ya oksijeni. Ukikitoa kimoja, kutu inasimama. Sasa chumvi yenyewe haili chuma kama siafu wanavyokula nyama. Kazi yake ni kuharakisha. Kutu kwa asili yake ni kama betri ndogo ndogo nyingi zinazofanya kazi juu ya chuma, na umeme wake unapita kwenye maji. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi ya maji baridi, kwa hiyo shughuli inakwenda mbio. Halafu chumvi inavunja vunja ile ngozi nyembamba inayojijenga juu ya madini na kuyakinga.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hatulifikirii. Chumvi inanyonya unyevu hewani. Angalia chumvi ya jikoni wakati wa masika, inalowa yenyewe ndani ya kopo. Basi na ile iliyoganda chini ya gari yako inafanya vile vile. Unaweza kupaki gari kivulini wiki nzima bila kuliwasha, hakuna mvua, wewe unajua ni kavu, kumbe chini kuna majimaji kila usiku.

Sasa chukua hesabu hii. Lita moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Ndoo yetu ya lita 20 ina karibu gramu 700. Yaani karibu robo tatu ya kilo ya chumvi kwenye ndoo moja! Maji yakikauka, ile chumvi haiendi popote. Inabaki kwenye kona za bodi, inasubiri unyevu mwingine.

CHUMVI INAIFIKIAJE GARI YAKO?

Njia ni nyingi kuliko unavyodhani:

1. PANTONI. Pale Magogoni na Kigamboni gari inapanda na kushuka kwenye sakafu ambayo mara nyingi ina maji ya bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inazidi mita 3, na ule mteremko unalowa zaidi. Matairi yanachota, yanarusha chini ya gari. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 wengi walihamia kule Kurasini, lakini wapo bado wanaovuka kwa pantoni kila siku ya Mungu kwa sababu ndo karibu na mjini.

2. SAMAKI. Soko la Feri linahudumia karibu mji mzima. Samaki akipakiwa kwenye buti ya gari ndogo ndani ya mfuko wa rambo, ule mfuko UTAVUJA. Maji yanaingia chini ya kapeti, yanakaa kwenye lile shimo la tairi ya spea. Harufu utaisikia baada ya siku mbili, kutu utaiona baada ya mwaka.

3. UPEPO WA BAHARI. Kama unakaa au unapaki karibu na ufukwe, barabara ya Obama, Kivukoni, Kigamboni, Msasani, upepo unabeba vitone vidogo vya maji ya bahari mpaka barazani kwako. Ndo maana vioo vinakuwa na ukungu mweupe asubuhi na ukiulamba una chumvi.

4. CAR WASH. Hii ndo iliyonishangaza. Maji ya bomba ya hapa mjini kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, ni maji baridi, hayana neno. Lakini sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia visima, na visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na bahari, vina chumvi. Unalipa hela yako gari ioshwe, kumbe unaipaka chumvi. Kipimo chake ni rahisi: chovya kidole, onja tone kwenye ncha ya ulimi halafu tema. Ukihisi chumvi, tafuta pengine.

5. GARI IMEKUJA NAYO. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Kule Japani, hasa kaskazini kama Hokkaido, wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Gari inaweza kufika bandarini hapa imepakwa rangi safi, kilometa chache, redio inaongea Kijapani, lakini chini kumeshaanza kuoza zamani.

6. KUJISTAREHESHA. Wale wa kuingiza gari mpaka kwenye mchanga wa ufukweni kupiga picha na kuosha matairi kwa mawimbi... sina la kusema. Mwenye macho haambiwi tazama.

UKAGUZI WA DAKIKA KUMI

Hauhitaji kuwa fundi. Chukua tochi (ya simu inatosha), bisibisi ya zamani na kipande cha sumaku. Sumaku unaipata kwa mafundi redio wa Kariakoo, wanatoa kwenye spika mbovu. Izungushie kitambaa isikwaruze rangi.

ONYO KWANZA: usiingie chini ya gari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Na usiweke matofali ya saruji kama nguzo, yanapasuka ghafla bila kuaga. Nenda gereji yenye shimo, au weka stendi za chuma kwenye sakafu ngumu na matairi yaliyobaki chini uyawekee choki. Ukaguzi mwingi wa hapa chini unaweza kuufanya umepiga magoti tu bila kuinua kitu.

- Inua makapeti yote ya ndani na ya buti. Toa tairi ya spea. Pakiwa na maji au rangi imevimba kama lengelenge, hapo pameshaanza.
- Angalia chini ya milango. Kila mlango una vitundu vidogo vya kutolea maji pale chini. Vikizibwa na vumbi, maji ya mvua yanabaki ndani ya mlango na mlango unaoza kuanzia ndani kwenda nje. Vizibue kwa kijiti.
- Pitisha sumaku kwenye matao ya matairi na kwenye kingo za chini ya milango. Bati la chuma linanasa. Ikifika mahali sumaku inateleza, pale kuna puti nene, yaani kuna shimo au ajali imezibwa. Ila kumbuka bampa ni plastiki na magari mengine yana boneti ya alumini, hapo sumaku haina kazi.
- Gonga chesisi taratibu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia "ting". Kilichooza kinalia bubu, na magamba yanadondoka.
- Sasa la muhimu kuliko yote: fuata paipu za breki kwa macho, kutoka mbele mpaka nyuma. Ni vipaipu vyembamba vya chuma. Kutu ya juu juu kama vumbi la rangi ya chungwa si mbaya sana. Ukiona magamba, uvimbe au paipu inaonekana imelowa, USIENDESHE. Hiyo ni ya kuvutwa mpaka kwa fundi. Angalia zaidi pale inapopita kwenye vibanio vyake, maana mchanga wenye chumvi unakaa hapo.
- Chungulia kikopo cha breki fluidi kwenye injini. Ikiwa chini ya alama ya MIN usijaze tu ukaondoka. Ama breki pedi zimeisha ama kuna pahali panavuja. Tafuta sababu.

Labda utauliza kwa nini naisisitiza paipu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya kile kipaipu inaweza kuzidi mara 30 ya presha iliyo kwenye tairi yako. Paipu iliyoliwa inavumilia breki ndogo ndogo za foleni siku zote. Inapasuka siku unayokanyaga kwa nguvu zako zote, yaani siku ile ile unayoihitaji.

BREKI ZIKIKUKATAA UFANYEJE?

Magari ya kisasa yana njia mbili za breki ndani ya mfumo mmoja. Paipu ya njia moja ikipasuka, ile nyingine inabaki, ila pedeli itazama sana kabla haijashika. Ndo maana mjomba alipona. Fanya hivi:

1. Pampu pedeli haraka mara kadhaa, usikate tamaa ilipozama mara ya kwanza.
2. Rudisha gia chini moja moja. Kwa otomatiki, weka 2 halafu L. Usizime injini, maana utapoteza msaada wa breki na usukani utakuwa mzito.
3. Handibreki vuta KIDOGO KIDOGO huku umebonyeza kitufe chake. Ukiivuta yote kwa mpigo ukiwa kwenye kasi, matairi ya nyuma yanateleza na gari inageuka.
4. Honi na taa za hazadi, watu wajue.
5. Kama hakuna namna, ubavu wa gari kwenye ukingo ni nafuu kuliko mbele ya gari kwenye watu.

Na ukiwa ndani ya pantoni au kwenye foleni ya ule mteremko, acha mwanya na gari ya mbele. Handibreki juu, gia iwe ndani au P kwa otomatiki, na utingo awe na choki mkononi. Kipande cha mbao tu, hakina gharama.

KUOSHA KUNAKOSAIDIA

Habari njema ni kwamba chumvi inayeyuka kwenye maji baridi. Dawa ya kwanza ya kutu ni mpira wa maji. Anayevuka na pantoni kila siku, aoshe CHINI ya gari mara moja kwa wiki. Anayekaa tu karibu na bahari, mara moja kwa mwezi inatosha. Anayebeba samaki, suuza bodi kila siku baada ya kazi, fungua milango, acha pakauke kabisa kabla hujarudisha turubai. Kuosha halafu kufunika pangali pabichi ni kama hujaosha.

Pitisha maji kwenye matao ya matairi, nyuma ya mabampa, kwenye chesisi na kwenye paipu. Presha kubwa usiielekeze kwenye alteneta, kwenye nyaya wala kwenye masanduku ya fyuzi. Ukimaliza, endesha taratibu ukigusa breki mara tatu nne ili zikauke.

Kwa mwenye kubeba samaki kwenye gari ndogo: nunua beseni kubwa la plastiki lenye kingo ndefu, weka kwenye buti, samaki ndani yake. Bei ya beseni na bei ya kuchomelea sakafu, piga hesabu mwenyewe.

Na betri pia. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, chomoa kwanza waya wa hasi (-), halafu chanya (+). Changanya magadi soda na maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, halafu pakaa grisi kidogo kwa juu.

KUTU IMESHAINGIA, NIFANYEJE?

Kanuni ni moja: USIPAKE KITU JUU YA KUTU BICHI. Hatua ni hizi. Osha kwa maji baridi. Kausha, ikiwezekana juani siku nzima. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma chenyewe kinang'aa, malizia na msasa. Kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki, weka dawa ya kugeuza kutu, zipo maduka ya rangi, fuata maelekezo ya kwenye chupa na uvae glavu kwa sababu ina asidi. Paka praima mikono miwili, ndo ufuate na rangi au lile dude jeusi. Tena lile dude lenyewe si baya jamani. Ubaya ni kulipaka juu ya uchafu.

Oili chafu je? Najua mafundi wengi wanapulizia oili chafu chini ya gari. Ukweli ni kwamba inazuia maji kidogo. Lakini inaharibu bushi na mipira, inanasa mchanga wenye chumvi, na ikifika kwenye breki umejitafutia kaburi. Halafu inadondoka, mvua ikija inakwenda kwenye mtaro na mwisho wake ni baharini kule kule tunakotoa samaki. Mimi siishauri.

Paipu ya breki iliyooza HAITIBIWI. Inabadilishwa yote. Usikubali kuungiwa kipande katikati kwa mpira, wala kuwekewa paipu ya friji. Na ukiingia Gerezani na mitaa ya Kariakoo kutafuta spea, kanuni yangu ni hii: mtumba chukua taa, kioo, kitasa, rimu, siti. Vitu vya breki chukua VIPYA, na hakikisha boksi limefungwa, maandishi hayana makosa ya herufi, na muuzaji anakupa risiti. Nenda na spea ya zamani mkononi mfananishe, usitegemee kuelezea kwa mdomo. Breki fluidi nunua chupa iliyofungwa tu, kwa sababu ile kitu inanyonya maji hewani kama chumvi. Chupa iliyokaa wazi dukani imeshaharibika. Ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili, na soma kwenye kifuniko kama gari yako inataka DOT 3 au DOT 4.

NA NYUMBANI NI HIVYO HIVYO

Chumvi haichagui. Walionunua viwanja Kigamboni na kwingine karibu na bahari wanaijua hii.

Bati: namba ya geji ikiwa NDOGO ndo bati ni NENE. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 kuliko 32. Karibu na bahari usikimbilie 32 kwa sababu ya bei. Mahali ulipokata bati au ulipotoboa msumari ndipo kutu inapoanzia, paka rangi hapo siku hiyo hiyo.

Geti na madirisha ya nondo: mara nyingi yanaozea chini, pale maji yanaposimama, na kwenye maungio ya kuchomelea. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi kila mwezi, na rangi ikipasuka usingoje Krismasi ndo upake.

Kufuli: la brasi linavumilia kuliko la chuma. Likikaza usitie mafuta ya kula, yanaganda na vumbi linanasa. Saga risasi ya penseli uwe unga, utie kwenye tundu la ufunguo.

Ya mwisho ni kubwa kuliko zote. USIJENGEE mchanga wa ufukweni, na usichanganyie zege maji ya kisima cha chumvi kama ndani kuna nondo. Zege zuri lenyewe linaikinga nondo isipate kutu. Chumvi ikiingia, ule ulinzi unavunjika. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo inavimba ndani na kulipasua zege. Ukiona nguzo ina ufa mrefu unaofuata nondo, na madoa ya kahawia yanachuruzika, usiite fundi rangi. Ita mhandisi. Wakati wa kumwaga zege hakikisha nondo haigusi mbao, iwe ndani walau sentimita 4 mpaka 5. Mafundi wanaweka vitofali vidogo vya saruji chini ya nondo wanaviita biskuti. Usimruhusu fundi aweke vipande vya mti badala yake.

NIMALIZIE

Mjomba bado anabeba samaki. Gari ni ile ile. Paipu zote mpya, sakafu imechomelewa upya na fundi aliyeanza na brashi ya waya, na jioni sasa tunaanza kuosha chini ndo tunamalizia juu. Inang'aa kidogo kuliko zamani, lakini inasimama ikiambiwa isimame.

Yule fundi wa kwanza simsemi kwa ubaya, pengine na yeye alifundishwa hivyo. Lakini wewe uliyesoma mpaka hapa huna tena kisingizio. Kesho asubuhi kabla hujaondoka, piga magoti, washa tochi, chungulia chini. Dakika kumi tu. Kama una mbinu nyingine ya kupambana na chumvi, hasa nyie wa Tanga, Mombasa na Unguja ambao mmeishi na bahari kuliko sisi, imwageni hapa tujifunze wote.

Kazi kwenu wadau. Nawasilisha.